Nilisoma kwa Masikio

Jumanne jioni, Musoma. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imegoma kunyesha. Joto limejaa wodini na mimi siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi kitandani. Naandika kwa herufi kubwa kabisa za simu, na bado nakosea.

Leo nimepimwa jicho la kushoto. La kulia lilishaharibiwa na presha ya macho, kwa hiyo hili ndilo nililobakiwa nalo, ndilo ninaloshonea nguo za watu kule Bunda.

Ubao una herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Nesi anagusa moja moja kwa fimbo, wewe unataja miguu ya herufi imeelekea wapi. Tunasubiri kwenye benchi pale pale mlangoni, kila kitu kinasikika. Walionitangulia walipokuwa wanataja, nikakariri. Juu, kulia, kulia, chini, kushoto.

Nikazitaja zote bila kukosea.

Nesi akafurahi. Daktari akasema kesho naruhusiwa, matone yatatosha. Nikampigia mume wangu, baba Neema, akamshukuru Mungu mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikajiona kama nimeiba.

Ukweli ni kwamba kuanzia mstari wa tatu niliona ukungu tu. Nimedanganya kwa sababu naogopa kuambiwa. Dada wa kitanda cha mwisho aliambiwa wiki iliyopita kwamba hataona tena. Tangu siku hiyo amegeukia ukutani, uji wake unapoa. Sitaki kuwa yeye. Lakini hata mimi chakula hakipiti, na nalia chooni bomba likiwa wazi ili wasinisikie. Kila siku naulizwa jicho linaendeleaje, nami najibu la jicho tu.

Jirani yangu wa kitanda, mama Nyangeta, muuza dagaa wa Mugango, aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi, amekuja sasa hivi kukaa miguuni pangu. Akaninong'oneza: "Mwanangu, mbona ulikuwa unajibu fimbo haijafika? Na usiku hulalagi, nakusikiaga."

Nikasema. Mara ya kwanza kwa sauti: sioni vizuri, na naogopa mpaka kuna asubuhi natamani nisiamke.

Hakushangaa. Ameshavaa ndala, ananisubiri twende wote kwa nesi. Natuma hii kwanza, nisije nikabadili mawazo njiani.

Baba Neema, ukiisoma, kesho njoo. Usije kunichukua. Njoo ukae na mimi.