Nilipoonekana Televisheni ya Dar

Jumatatu, 12 Mei 1997
Shambani Lumemo toka alfajiri, kuamia ndege. Kwelea kwelea wamezidi mwaka huu. Nimepiga debe mpaka mkono umekufa ganzi. Mchana viazi vya jana. Sijaongea na mtu, ila ndege.

Jumatano, 14 Mei
Wamekuja watu wa televisheni kutoka Dar. Dada mwenye kipaza sauti na mpiga picha wake. Wanataka habari za ndege wanaomaliza mpunga. Bwana shamba akawaleta kwangu.

"Baba, niangalie mimi, usiangalie kamera," dada akasema.

Nikaeleza habari za ndege. Nikamaliza. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe: "Namsalimu mke wangu Veronika, yuko huko Dar. Nyumba ipo. Arudi tu."

Bwana shamba akatazama chini. Dada akashukuru. Itatoka Jumapili, taarifa ya habari ya jioni.

Tangu Veronika aondoke sijawahi kulitamka jina lake mbele za watu.

Alhamisi, 15 Mei
Aibu. Lumemo nzima wameshajua. Kisimani wamenipisha nichote kwanza.

Lakini mdogo wake Veronika, Tomasi, aliwahi kuniambia dada yake huko alikopanga wana televisheni. Basi atanisikia.

Jumapili, 18 Mei
Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri.

Mawimbi ya Dar hayafiki huku kwetu Ifakara. Televisheni ya Mzee Salum dukani ni ya kuwekea kanda tu. Hata hivyo jioni nimevaa shati la kanisani, nikakaa sebuleni kwenye kiti. Sasa hivi ananiona, nikawa najiambia. Sasa hivi.

Nilijiona mjinga. Shati sikulivua.

Jumamosi, 24 Mei
Nimeshinda stendi. Basi likishusha watu nasimama. Wanashuka wote, nakaa.

Jumanne, 3 Juni
Kimya. Mama jirani ameleta mboga, nimemjibu vibaya. Alitaka kunihurumia tu. Sitaki.

Mpunga umeiva. Nimeanza kuvuna peke yangu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetoka shambani nikamkuta Tomasi kibarazani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Nikaangalia nyuma yake. Hakuna mtu.

Amekula kwanza. Ndipo akasema walinitazama, nyumba nzima, yeye akiwemo. Veronika aliongeza sauti.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Amekonda.' Kisha akaenda kutenga chakula."

"Na salamu zangu?"

"Salamu gani, shemeji? Uliongea habari za ndege tu. Halafu wakaonyesha mambo ya bandarini."

Waliikata. Mwezi mzima nimengoja jibu la neno ambalo hakulisikia.

Nikamwambia Tomasi maneno yale yale. Kwamba nyumba ipo. Arudi tu. Tomasi akanishika goti.

"Shemeji, dada ana mtu. Wana mtoto wa kiume, anatambaa."

Mimi na Veronika hatukujaliwa mtoto. Watu walikuwa wanasema ni yeye. Na mimi niliacha waseme.

Nimelia mbele ya shemeji yangu. Sijali.

Jumamosi, 14 Juni
Sikwenda shamba. Ndege na wale mpunga.

Tomasi amenisaidia kulitoa sanduku la Veronika uvunguni. Vitenge vyote vimo, nilikuwa navianika kila mwaka visishikwe na ukungu. Nimemwambia achukue. Nimeongeza na mchele mpya.

"Nimwambieje?"

"Mwambie ni vyake. Na mtoto ale uji wa mchele wa huku."

Jumapili, 15 Juni
Nimemsindikiza Tomasi stesheni. Sanduku na mchele kwenye baiskeli, mimi nasukuma, yeye ameshika nyuma. Treni ilichelewa. Tukanywa chai.

Nimerudi nimepanda. Baiskeli nyepesi sana.

Nimepitia kwa mama jirani kumwomba radhi. Alikuwa anasonga ugali, akanionyesha kigoda kwa mwiko. Nimekula hapo.

Sasa niko nyumbani. Usiku huu nitalala katikati ya kitanda.