Mahari ya Mdakaji

Jumamosi, 10 Januari

Mume wangu! Mume wangu! Naliandika neno hili mara mbili kwa raha tu. Ndoa bado mbichi, neno bado lina ladha.

Leo nimekaa uwanjani kwenye baridi kumtazama Nehemia mazoezini. Futiboli ya Kimarekani — ule mpira wenye umbo la yai, wanaume wamevaa helmeti na mabega ya bandia. Bertin, Mkongo wa timu yao, anarusha, Nehemia anakimbia kama ameitwa na mama yake, anaruka, anadaka. Hakuna anayedaka kama yeye Ubelgiji nzima. (Wengine sijawaona. Lakini najua.)

Halafu habari mbaya. Timu moja ya Ujerumani inamtaka. Euro mia nane kwa mwezi na chumba, hadi Septemba! Nimeuliza ni chumba cha watu wangapi. Cha mmoja. Nimeichukia Ujerumani yote.

Nehemia hataki kwenda. Lakini mshahara wa kusukuma vitanda vya wagonjwa kule Woluwe ukishalipa kodi ya nyumba hapa Saint-Josse, unabaki wa chumvi. Na timu yake haijawahi kumlipa mchezaji yeyote. Wanacheza kwa mapenzi. Leo Pieter, mwenyekiti wa klabu, amemwambia: taja bei yako, tutaona. Nehemia anasema akipata mia sita tu, habanduki.

"Basi mwambie mia sita," nikasema.

"Mtu anajitajiaje bei mwenyewe, mke wangu? Kama mbuzi anayejipeleka mnadani?"

Ameniita mke wangu! Nikasahau tulikuwa tunabishania nini.

Jumanne, 13 Januari

Dawa imepatikana. Atakwenda Mzee Abeid, mwenye duka la vitambaa kwenye Galerie d'Ixelles. Ndiye aliyekuwa mshenga wa Nehemia! Aliketi sebuleni kwa Shangazi Veronica, baba yangu akiwa kwenye simu kutoka Shinyanga, wakaelewana mahari yangu bila mtu kununa. Ulimi wa asali. Kesho anaonana na Pieter. Nimelala — hapana, sijalala, nimemtazama Nehemia akilala. Hata akikoroma anapendeza.

Jumatano, 14 Januari

Mungu wangu.

Mzee Abeid amerudi uso unang'aa. "Wanangu, nimewaweza! Walianzia mia tano. Nimewashusha hadi mia tatu!"

Nehemia alikuwa na kijiko mdomoni. Kikabaki humo humo.

Bertin alikuwepo, amenisimulia kwa simu huku akicheka mpaka anakohoa. "Maman Brightness, ule muzee! Pieter anasema cinq cents, mia tano, muzee anashika kichwa: hapana, ni mingi sana, mutuhurumie, kijana ndio anaanza maisha! Pieter anasema bon, quatre cents, mia ine? Muzee: bado, papa, bado!"

Tungejua tangu mwanzo! Kazi ya mshenga ni kushusha. Mzee Abeid amewashusha wakwe wa jiji hili zima. Baba yangu alitaka ng'ombe kumi, akaambulia sita na blanketi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba safari hii yeye ndiye mwenye mali.

Na Nehemia hakuwa na moyo wa kumwambia. Amesema asante mzee, Mungu akuzidishie, akamsindikiza hadi kituo cha basi! Nampenda huyu mtu mpaka nataka kumpiga.

Ijumaa, 16 Januari

Wajerumani wamepiga simu. Wanataka jibu Jumatatu. Pieter naye amepiga, anauliza kwa adabu kama yule mzee ni mzima.

Nimelia kidogo bafuni, nikapaka wanja upya ili Nehemia asijue. Amejua. Amenipikia chapati. Zote zimetoka na umbo la mpira wake.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda kwa Shangazi Veronica. Amecheka hadi kilemba kikalegea. Kisha akakaa sawa.

"Mlimtuma mtu wa kushusha. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa kupandisha. Mwiteni huyo Pieter kesho aje kula pilau. Na Nehemia akae chumbani, asionekane."

"Shangazi, si harusi."

"Nyamaza wewe. Ulitaka kuolewa bure."

(Kweli. Nilitaka.)

Jumapili, 18 Januari

Naandika nikiwa chumbani, kwa Shangazi. Nehemia yuko kando yangu kitandani, anatafuna kucha. Amefichwa kama mwali! Mlango tumeuacha wazi kidogo.

Pieter amefika na maua. Hakuruhusiwa kusema neno mpaka atoe cha kufungulia mdomo. Akauliza ni kiasi gani. Shangazi: chochote chenye heshima. Maskini, akavua skafu ya klabu shingoni, akaiweka mezani. Shangazi akaikunja vizuri. Haya, sasa tunasikilizana.

Shangazi akataja elfu moja. Nikajiziba mdomo! Pieter akasema kwa pesa hiyo timu nzima itacheza bila viatu. Shangazi: wajifunze pekupeku. Pieter: mia nne. Shangazi akamwongezea pilau tu. Mia nne na hamsini. Nyama tena. Mia tano na hamsini — na hapo Pieter akaweka kijiko chini. Akasema kwa upole kabisa: Madame, hapo ndipo mwisho. Nikiongeza hata kidogo, nafunga klabu. Kama haitoshi, aende Ujerumani, tuagane vizuri.

Shangazi naye ameacha kupakua! Sijawahi kuliona hilo.

Mchezo umekwisha sasa. Mia tano na hamsini si mia sita, na mia nane haiioni hata kwa darubini. Tukikubali, kila mwezi tutakuwa tunahesabu viazi. Tukikataa, nalala peke yangu hadi Septemba.

"Kwa desturi yetu," anasema Shangazi, "mwenyewe huulizwa. Nehemia! Toka useme kama tupokee."

Nimemnong'oneza: utasema nini? Naye: wewe ungesema nini? Nimesema sijui. Uongo mtupu. Amenibusu kwenye paji la uso, amefunga kifungo cha juu cha shati, amevuta pumzi kama kabla ya mechi. Ametoka.

Amevaa ndala zangu za pinki.

"Nehemia!" Shangazi huyo. "Rudi uvae viatu, unatushushia bei!"

Pieter anacheka. Kiti kinavutwa, Nehemia anaketi kando yake. Hajarudi kuvaa viatu.