Ofisi Mbili Zilinitaka

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini barua hii itakukuta umetulia na si umesimama unabishana na mtu. Mkono unaendeleaje? Daktari amekuruhusu kuukunja, au bado unamdanganya kwamba hauumi? Nisalimie Mama na wifi. Mwambie wifi gauni alilonishonea limenikaa vizuri, ila kiuno kimebana kidogo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa wiki hii nzima nimepigwa na butwaa.

Kaka, ofisi mbili zimenitaka! Mimi, Kasuku wako, ambaye ulikuwa ukinifukuza mezani kwa maneno yangu mengi. Ya kwanza ni ya yule mzee wakili niliyekueleza, vyumba viwili juu ya duka la dawa, na feni inayopiga kelele kuliko wateja. Alisoma maombi yangu, akanung'unika, akasema nianze mafunzo mwezi ujao. Nilimwomba muda, nikamwambia wazi kwamba kuna mahali pengine nasubiri jibu. Nilidhani atanitimua. Akasema afadhali nimesema, lakini mwisho wake ni Ijumaa mchana, kwani kuna mwenzangu anaisubiri nafasi hiyohiyo.

Ya pili ni ile ya jengo la vioo, ambayo wewe ulishaitangaza mtaa mzima kabla hata sijaipata. Waliniita Alhamisi. Zulia lao linameza miguu mpaka unajihisi mwizi, na vitabu vimepanda hadi darini. Lakini hivyo vyote si kitu mbele ya mkuu wao. Ni mama mfupi, miwani imemshukia puani, sauti ya chini kabisa. Walinikaribisha nisikilize akimwandaa wakili wao mmoja kwenda mahakamani. Alimuuliza maswali machache tu, jamaa hoi, hoja yake yote chali. Halafu akaichukua hoja ileile, akaigeuza, ikasimama! Miaka yote niliyosoma sheria sijaona akili inayokwenda taratibu namna ile na isikose kitu. Nikajiambia, kumbe kazi hii hufanywa hivi!

Akaniambia nafasi ni yangu. Karatasi ikaletwa, nikashika kalamu. Hapo akanisimamisha. Alisema jina letu la ukoo ameliona kwenye jalada la mahakama, akauliza kama yule mfanyakazi aliyeumia mkono kazini, anayekishtaki kiwanda cha mabati, ni ndugu yangu. Nikamwambia ni kaka yangu wa tumbo moja. Akasema kiwanda kile ni mteja wake, na ni yeye mwenyewe atakayesimama kukitetea. Nikijiunga nao, nitawekwa mbali na kesi hiyo, na mimi na wewe hatutaizungumza kamwe. Alitaka nijue kabla sijatia saini.

Sasa nikwambie ukweli, na usinikasirikie. Sikuinuka palepale. Niliikodolea macho ile karatasi, moyoni natafuta kila njia ya kuisaini. Nilijiambia utafurahi. Nilijiambia kesi ni kesi na undugu ni undugu. Kaka, niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Kisha nikakuona umekaa mahakamani na bandeji yako, na mdogo wako analishwa na upande wa pili. Nikaweka kalamu chini, nikamshukuru, nikasema siwezi. Hakunibembeleza. Alinisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, na kwenye lifti nikalia waziwazi mbele za watu. Kesho yake nikawahi kwa mzee kabla ya adhuhuri, nikamwambia nimekuja. Akanionyesha kiti na rundo la majalada, basi.

Kuhusu jengo la vioo, waambie majirani utakachopenda. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na wewe usiubebeshe mkono huo ndoo.

Siku ya kesi nitakaa nyuma yako. Mwambie wakili wako ajiandae, tena ajiandae kwelikweli. Na yule mama akisimama, nakuomba usimchukie, msikilize. Nitakuwa namwomba Mungu mama huyo ashindwe, kwa ajili yako, na papo hapo namwomba siku moja anijalie niwe kama yeye.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kasuku