Kikao cha Familia Kuhusu Vidonge vya Mama

Tarehe: Jumapili, tarehe 9, saa nne asubuhi
Mahali: Sebuleni kwa Mama

Waliohudhuria:
1. Kifungua mimba, fundi umeme – Mwenyekiti
2. Binti, muuguzi – Mjumbe
3. Kitinda mimba, muuza simu – Mjumbe
4. Mama – Katibu (mwaka wa thelathini na moja)

Asiyehudhuria: Baba – kwa udhuru, yuko kazini

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa dakika arobaini, akalaumu foleni. Katibu alimkumbusha kwamba anaishi mtaa wa pili.

KUMB. NA. 2/ HALI YA KATIBU
Mwenyekiti alieleza kwamba mwezi huu Katibu aliacha jiko likiwaka, na siku nyingine alipotea akitoka sokoni. Katibu alikiri la jiko. La sokoni halikumbuki, hivyo alishindwa kulipinga.

KUMB. NA. 3/ VIDONGE
Kitinda mimba aliweka mezani kopo la vidonge vya homoni alilouziwa na rafiki yake, akisema vinarudisha akili za ujana. Muuguzi aliuliza kama rafiki huyo ni daktari. Alijibiwa kuwa ni wakala wa bima.

Muuguzi: "Mama si simu, useme unamchaji."

Kitinda mimba: "Afadhali mimi nimeleta kitu. Wewe kila siku unaleta maneno."

Mwenyekiti aligonga meza.

Muuguzi alieleza alivyoambiwa na daktari wa Mama: kwa umri wake homoni hizo hazitamrudishia kumbukumbu, na zinaweza kumdhuru. Ipo dawa nyingine inayowapunguzia makali baadhi ya wagonjwa kwa muda, ila haiponyi. Kitinda mimba aliuliza, "Kwa hiyo atatusahau?" Kisha akalia. Katibu aliweka kalamu chini, akamfuta machozi, kikao kikaendelea.

Iliazimiwa kopo lirudishwe, na Katibu aanze dawa ya daktari chini ya usimamizi wa Muuguzi.

KUMB. NA. 4/ UKATIBU
Mwenyekiti alipendekeza Katibu apumzishwe na daftari apewe Muuguzi. Katibu alieleza kwamba mwandiko wa Muuguzi humshinda hata mwenyewe kuusoma, na kwamba akinyang'anywa daftari hili hatajua ashike nini. Mwenyekiti alisema kumbukumbu zisomwe kwanza, "tuone kama ziko sawa."

KUMB. NA. 5/ KUSOMA NA KUTHIBITISHA
Katibu alisoma kwa sauti kuanzia juu, kama ilivyo desturi ya familia hii kabla ya saini. Alipomaliza, Muuguzi ndiye aliyemwambia, taratibu, kwamba Baba alifariki miaka sita iliyopita. Iliuma kama siku ile. Katibu aliomba radhi, akamkabidhi Mwenyekiti kalamu ili aufute mstari wa udhuru wa Baba na abaki nayo.

Mwenyekiti aliutazama mstari, kisha akarudisha kalamu. "Andika wewe, Mama. Tutakuwa tunasoma wote."

Kitinda mimba alisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini la Baba liachwe. Hakuna aliyepinga.

Udhuru wa Baba ulipokelewa kwa kauli moja.

Kikao kilifungwa saa sita kasoro robo.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)