Ile Chupa Kabatini Si Maji

Lubumbashi, Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Nabintu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kitu kilichoyeyuka kimekwisha. Nimelitanguliza kabla ya salamu kwa sababu kosa hilo nilikufundisha mimi. Sasa niambie: mnaamkaje hapo Kimanga? Goti lako linakubali ngazi za kanisa? Na ziwa, limerudi nyuma au bado linagonga mlango wa jikoni? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inanivalisha makoti mawili darasani, na wanafunzi wangu wa uuguzi wananiita Papa Blanketi. Ninawasikia.

Jana uliponipigia simu mimi kaka yako, ulikuwa unacheka. "Yaya, tunapandisha kabati juu, maji isiifikie. Ile chupa yako ya ubatizo ya Furaha iko mpaka leo! Nimwange maji yake mu bustani ya lenga-lenga, nitiemo mawese? Ni chupa muzuri."

Nikasema, "Mutandao inakatika," nikazima simu. Mtandao ulikuwa mzuri, Nabintu. Niliona aibu. Ningeweza kukupigia tena, lakini najijua, ningekata tena. Kwa hiyo naandika, na karatasi hii nitaipiga picha nimtumie binti yako Furaha akusomee kwa sauti.

Unakumbuka nilivyotaka kuwashangaza wageni siku ile ya ubatizo wake. Nilileta kutoka shuleni chumvi iliyotengenezwa kwa zebaki, ile merkire ya wachimba dhahabu, nikawaambia wageni ni sumu, nikaiyeyusha ndani ya chupa. Nikatia kidogo iodidi, chumvi nyingine ya maabara, maji yakawa mekundu kama pilipili iliyoiva. Nikazidisha iodidi, wekundu wote ukapotea. Marehemu mume wako akaruka kitini: "Shemeji, weye ni mulozi!" Wewe peke yako uliuliza swali la maana: "Yaya, ile sumu imeenda wapi?" Nikajibu mbele ya watu, "Imeisha. Sasa ni maji tu."

Haikuisha. Fikiria mgonjwa anayeshushwa kutoka milima ya Lemera kwenye machela. Wanaume wanne wamembeba, mmoja kila pembe, na kwa mbali humwoni mgonjwa, unaona wabebaji tu. Ndivyo zebaki ilivyo ndani ya chupa ile: chembe moja katikati, iodidi nne zimeishika pande zote, nayo inakaa majini bila kuonekana. Muungano wa namna hiyo sisi watu wa kemia tunauita kompleksi. Lakini wabebaji hao si waaminifu. Zebaki inaipenda salfa kuliko iodidi, salfa ile unayoinusa nywele zikiungua, na miili yetu imejaa salfa hiyo. Mtu akiyanywa maji yale, iodidi zinaiachia zebaki, nayo inang'ang'ania figo. Kuchemsha hakusaidii. Kumwaga bustanini ni kuipeleka kwenye mboga, na mvua ikinyesha, ziwani.

Haya yote niliyajua siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Nikasema nitarudi kesho kuichukua. Kesho yake mumeo alikuwa ameshawatangazia mafundi wenzake wote kwamba shemeji yake amemaliza sumu kwa mikono yake, na mimi nikapenda sifa kuliko watoto wako. Baadaye nikajifariji kwamba bila shaka ilishatupwa. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kusoma etiketi kabla ya kushika chupa, na yangu nikaiacha bila etiketi, karibu na vikombe vya wajukuu wako. Usinitafutie udhuru. Wewe uliuliza, mimi nikadanganya.

Asubuhi hii nimempigia mwanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi ya laboratwari na sasa yuko Luvungi. Nimemweleza bila kuficha. Akasema, "Mwalimu, weye? Weye mwenye ulikuwa unatupigaka juu ya etiketi?" Nikamjibu ndiyo, ni mimi. Atafika kwako kesho kuichukua, anajua pa kuihifadhi.

Nisalimie Furaha na bwana yake, na wajukuu wako wote. Msalimie pia yule jirani yako muuza samaki wadogo, ndagala. Alikuwa kwenye sherehe ile akapiga makofi, kwa hiyo naye mweleze ukweli.

Ni mimi yaya wako Byamungu, nikikuomba jambo moja leo: usiifungue chupa ile wala kuimwaga, isimamishe ndani ya ndoo yenye mchanga, iweke katika chumba wasichoingia watoto, na ufunge mlango kwa ufunguo.