Kwa Nini Natoka Wimbo Ukipanda

Baba Epifania,

Maharage yako jikoni, yameiva, ongeza chumvi tu. Mbuzi uwahamishie kivulini.

Asubuhi uliniuliza mbele ya kwaya nzima kama wimbo wako umenichosha, maana kila mara natoka katikati. Haujanichosha, ingawa unaupandisha mno. Nikipandisha sauti, mkojo unanitoka. Ilianza nilipomzaa Epifania, na tangu siku zangu zikome imezidi. Nimekwenda Kasulu kwa mkunga. Ndiye aliyemfundisha Zuleha wa dukani kukaza misuli ya huko chini, na sasa Zuleha anacheka bila woga.

~~Usimwambie mtu.~~

Mwambie Epifania anifuate na mtoto. Tangu ajifungue, naye anakohoa amebana miguu.

Mama Epifania