Kidole Gumba cha Mjomba

Karakana ya mlango wa kijani,
Nyuma ya ghala la mbao.
Tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukuamsha usiku. Mkeo hajambo? Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu abadilishiwe dawa. Ulimi wake, kama unavyomjua dada yako, haukuwahi kuhitaji daktari.

Nakuandikia kukushukuru. Najua hupendi kushukuriwa, kwa hiyo nitaeleza yaliyotokea tu.

Wiki tatu zilizopita alikuja mteja tunayemwita Mzee Honi, kwa sababu husikika kabla hajaonekana. Ana gari dogo aliloachiwa na baba yake, na amelitia injini ya pikapu. Injini ilikaa vizuri. Tatizo lilikuwa manifoldi, lile pande la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote nne na kuupeleka kwenye ekzosi. Liligonga nguzo ya usukani. Alitaka nikate mdomo wa pande hilo, niugeuze utazame chini, kisha niuchomelee upya. Manifoldi nyingine ya injini hiyo aliitafuta miezi minane asiipate.

Ni chuma cha kusubu, cha kumiminwa kwenye kalibu, Mjomba. Mageti nachomelea huku napiga soga, lakini chuma hiki ukikipa joto kwa pupa kinapasuka kama sahani. Uliponiachia ufunguo wa karakana ulinipa na kanuni yake, nami naikumbuka neno kwa neno: kipashe kiwe vuguvugu, choma mshono wa urefu wa kidole gumba, uugonge kwa nyundo ndogo ungali wa moto, subiri mpaka uweze kuushika, ndipo uchome mwingine. Mwisho kizike kwenye majivu hadi kesho.

Nilifanya hivyo. Asubuhi nilipofukua, pembeni ya mshono kulikuwa na ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti. Nikausaga wote kwa grenda, nikarudia. Safari ya pili hakikungoja hata majivu. Kilisema "tin!" mezani, Mzee Honi akiwa amesimama pale pale.

"Dada fundi," akaniuliza, "hiyo ni sauti ya kazi kuisha au ya kazi kuanza?"

"Ya kuanza."

"Basi mimi nakaa." Akavuta debe, akakaa.

Kila nikisaga, chuma kinapungua. Nilipima, nikaona imebaki nafasi ya kujaribu mara moja tu. Na sasa nikuambie nililokuficha: jirani yetu muuza magodoro anaitaka karakana iwe stoo yake tangu ulipoondoka. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba ufa wa tatu ukitokea, mwisho wa mwezi nampa ufunguo. Mtaa huu una mafundi wa mageti wengi kuliko mageti. Kazi ngumu ndizo zilizokuwa zinaiweka karakana yako hai, na mimi zilikuwa zinanishinda.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu likavunjika mara mbili.

Mama aliniletea chakula mchana, akanikuta nimelaza kidole juu ya chuma, naweka alama za chaki.

"Unapima nini?"

"Kidole gumba, kama alivyosema Mjomba."

"Kidole gumba cha nani?"

"Changu."

Aliweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika jiliwa la kubania vyuma mezani asianguke. "We mtoto! Kaka yangu ana kidole gumba? Kaka yangu ana kisiki!"

Mjomba, grenda ilikikata kabla sijazaliwa. Nimekiona maisha yangu yote kikilala juu ya chuma, wala haikunijia kwamba kimepungua. Kwangu kilikuwa kidole chako tu.

Mama akatungua nyuma ya mlango glavu yako ya kushoto, ile uliyoishona kidole gumba kikawa kifupi. Akailaza kando ya mkono wangu. Chako kilifika nusu ya changu. Mishono yangu yote ilikuwa mirefu mara mbili.

Safari ya tatu nilipima kwa glavu. Mahali nilipochoma mishono mitano nilichoma kumi na mmoja, kutwa nzima, Mzee Honi akiwa kwenye debe lake. Tukazika. Mama akaiweka glavu juu ya kifuniko cha pipa la majivu, eti ilinde.

Asubuhi nilifukua mbele ya Mzee Honi. Nikapaka mafuta ya taa yapenye penye ufa kama upo, nikafuta, nikapaka unga wa chaki, nikasubiri. Hakuna mstari wa mafuta uliochomoza. Tulipofunga na kuwasha, moshi ulipita unapotakiwa kupita, na Mzee Honi aliondoka akipiga honi hadi kona ya mwisho.

Muuza magodoro nimemwambia ufunguo hautoki. Alisema nimemharibia ndoto. Nikamwambia akalale aote nyingine, magodoro anayo.

Ahsante, Mjomba. Kanuni ilikuwa sahihi, mpimaji ndiye aliyekosea. Ila nina zako nyingine mbili: "hatua nne kutoka mtungi wa gesi" na "shubiri mbili kutoka ukutani". Tafadhali niandikie kama mguu na kiganja vilikuwa vimekamilika.

Msalimie mkeo, na binti yenu mshonaji, na yule mjukuu anayekula chaki. Mama anasema goti lako ulikande kwa maji ya moto na uache ubishi. Mungu akutunzie vidole vyako tisa na nusu.

Mpwa wako akupendaye, ambaye ufunguo bado anao.